Kisahani Chenye Matundu Sitini

Umeme ulipodhoofika, balbu ya karakana iligeuka rangi ya chai ya mkandaa na kerezo likaguna. Kisu kilikuwa katikati ya kazi, kikikata uzi wa M20 kwenye shafti ya mashine ya kusaga muhogo. Nilibana pumzi, kwa maana nilikua nikiambiwa kwamba kazi ya uzi haitaki mwendo wa kuyumba. Fundi hakugusa kitu. Alikunja mikono akatazama. Mandrini ikapunguza mwendo, na kibebeo cha kisu nacho kikapunguza papo hapo, kama mtu na kivuli chake. Umeme ukarudi, vyote viwili vikachangamka pamoja. Kisu kilipofika mwisho kikajitoa, kikarudi mwanzo, kikazama kidogo zaidi ndani ya chuma, kikaingia kwenye mfereji uleule bila kuukwaruza ukingo.

"Ile kitu haiko nadanganya," fundi akasema, akielekeza kidevu nyuma ya mashine.

Nyuma ya mashine kulikuwa na kisahani cha alumini, upana sentimita tisa, unene milimita moja. Pembeni kimekatwa matundu sitini yaliyopangana kama meno ya kitana, na karibu na kitovu kina tundu moja peke yake. Vihisi vitatu vya plastiki nyeusi, kila kimoja na umbo la herufi U, vimekizunguka kama koleo zinazobana bila kugusa. Viwili vilitolewa kwenye printa zilizokufa. Cha tatu sikuuliza. Hiyo ndiyo enkoda ya spindeli, kipimo cha mzunguko wa mhimili unaobeba mandrini. Nilipanda Kadutu, hapa Bukavu, jioni tatu mfululizo kuiangalia.

Mashine yenyewe ni kerezo dogo la mezani la Kichina, la aina ambayo nchi nyingine mtu hununua kwa ajili ya kujifurahisha siku za mapumziko. Huku neno hilo la kujifurahisha halikai vizuri. Mashine ilijengwa usiku, baada ya kazi, kwa pesa ya kazi, na sasa yenyewe ndiyo inayolipa karo. Fundi aliling'oa gia zote, akafunga skrubu za mipira na mota za hatua, akaleta kompyuta kuukuu yenye ule mlango mpana wa printa nyuma yake, na ndani yake akaweka LinuxCNC. Hii ni programu ya bure iliyochipuka kutoka kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, na inaitwa kwa jina hilo tangu 2011. Kompyuta hiyo ingetupwa, lakini kwa kazi hii inatosha.

Anayeishi Bukavu hahitaji kusimuliwa habari za umeme. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini. Bwawa la Ruzizi I limekuwa likizungusha mitambo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ikafuata 1989. Hata hivyo mtaani volti hupanda na kushuka kama mtu anayepumua. Mota ya kawaida ya hezi 50 yenye ncha nne hukusudia kuzunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukiitwisha mzigo hubaki nyuma kidogo. Volti zikishuka hubaki nyuma zaidi. Ukiendesha kisu kwa mwendo ulioukisia kutoka kwenye kibati cha mota, unakata uzi kwa imani tu. (Kule bwawani nako wana shida hiyohiyo kwa ukubwa mwingine: kila tabaini ina kifaa kinachopima mzunguko wa shafti yake saa zote na kufungua au kubana maji, la sivyo hezi 50 zingebaki ndoto.)

Uzi una sharti moja tu. Spindeli ikizunguka mara moja, kisu kiwe kimesogea hatua moja ya uzi, wala pungufu wala ziada. Kwa M20 ya kawaida hatua hiyo ni milimita 2.5. Hakuna mahali panaposemwa kwamba spindeli lazima izunguke kwa kasi fulani. Inaweza kwenda mbio, ikasinzia, ikazinduka; ilimradi kisu kinajua imefika wapi, uzi utatoka sawa. Nilichukua muda mrefu kuliamini jambo hili. Fundi aliniaminisha kwa kuzima mota kabisa na kuizungusha mandrini kwa mkono: kibebeo kikatambaa, kikasimama aliposimama, kikatambaa tena.

Zamani ujuzi huo wa mahali ulibebwa na gia. Henry Maudslay wa London, katika miaka ya kuelekea 1800, alitengeneza kerezo ambalo skrubu yake ndefu ilifungamanishwa na spindeli kwa gia za kubadilisha, na mafundi wa dunia nzima wakaifuata njia yake kwa karibu karne mbili. Ukitaka uzi mwingine unabadilisha gia. Ukitaka kutoka kwenye inchi kwenda milimita unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Namba hiyo haigawanyiki, kwa hiyo hakuna njia ya mkato iliyo kamili. Mafundi wazee wa reli upande wa Kenya na Uganda, waliorithi mashine za Kiingereza, waliijua gia hiyo kama mtu anavyomjua mkwe wake.

Sisi tulirithi milimita kwa Wabelgiji. Lakini mabomba ya maji hayakurithi. Nenda ukanunue bomba popote Bukavu utaulizwa la nusu inchi au robo tatu, na uzi wake, ule ambao Kifaransa kinauita "gaz", una meno 14 kwa kila inchi na pembe ya digrii 55, vipimo vya Mwingereza kabisa. Fundi huyu anaandika 1.814 kwenye kompyuta, yaani 25.4 kugawanya kwa 14, na kazi inaanza. Gia yake ya 127, kama aliwahi kuwa nayo, inaweza kushikilia mlango usifungwe na upepo.

Tuje kwenye kuchagua. Wengi wanapotea hapa kwa kutaka kingi. Anayeanza hufungua katalogi, akaona enkoda ya mistari 1,000, nyingine ya 2,000, akadhani kubwa ndiyo bora. Hebu tuhesabu. Kisahani cha matundu sitini kina vihisi viwili, A na B, vilivyowekwa ili kimoja kichelewe robo ya hatua nyuma ya kingine. Kutoka kwa hao wawili kompyuta inapata mambo mawili: upande spindeli inakozunguka, kwa kuangalia nani ametangulia, na mabadiliko manne kwa kila tundu, yaani 240 kwa mzunguko. Kwa uzi wa milimita 2.5, kila pigo moja ni milimita 0.0104. Hiyo ni sehemu ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara kadhaa. Nani anayetengeneza shafti ya kusagia muhogo anadai zaidi ya hapo?

Sasa chukua ile ya mistari 1,000. Inatoa mapigo 4,000 kwa mzunguko. Kompyuta kuukuu inayohesabu kwa programu peke yake, ikichungulia mlango wa printa kila baada ya mikrosekunde hamsini, inachungulia mara 20,000 kwa sekunde. Spindeli ikifika mizunguko 300 tu kwa dakika, mapigo nayo yamefika 20,000 kwa sekunde, na kuanzia hapo yanapita bila kuonekana. Kisahani cha sitini kwa mizunguko 600 kinatoa mapigo 2,400 tu. Kompyuta inahesabu huku inapiga miayo. Mwenye pesa ananunua kadi ya Mesa, ambayo huhesabu kwa vifaa vyake yenyewe, na kizuizi hiki kinaondoka. Mwenye kompyuta ya kuokota anachagua matundu machache na anapata uzi uleule.

Kihisi cha tatu, Z, ndicho ninachokipenda zaidi. Kinalitazama lile tundu la peke yake, na husema neno moja kwa kila mzunguko: hapa. Uzi haukatwi kwa mkupuo mmoja. Kina cha M20 ni milimita moja na nusu hivi, na fundi hukifikia kwa kupita mara kumi au zaidi, kila mara akiondoa kidogo. Kila pito lazima lianzie pembe ileile, la sivyo pito la pili linakata kuta za pito la kwanza na unabaki na fimbo iliyotafunwa. Kisu husubiri. Z ikisema hapa, kinaondoka. Baadhi ya programu, Mach3 kwa mfano, hutegemea neno hilo moja tu na kukisia kasi katikati ya neno na neno. Huenda vizuri mahali umeme umetulia. Kadutu hapana.

Zipo enkoda za kununua, na sizidharau. E6B2 ya Omron, yenye shafti ya milimita 6 na mwili wa milimita 40, ni imara na ipo kwenye mashine nyingi duniani. Tokeo lake la aina iliyozoeleka ni la kolekta wazi, kwa hiyo asiyeweka rezista ya kulivuta juu atakaa siku nzima akitafuta mapigo yasiyokuja. AMT102 haitumii mwanga wala sumaku, vumbi haliisumbui, na unaweza kuipangia mapigo kutoka 48 hadi 2,048. Enkoda za sumaku ni rahisi na ndogo, lakini kaa karibu na kerezo uone: chenga za chuma huifuata sumaku kama nzi wafuatavyo embe, na baada ya mwezi sumaku imeota ndevu. Kisha kuna suala la kuzipata. Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga, na kununua kitu kidogo kutoka nje kukawa safari ndefu ya kuomba watu. Printa zilizokufa hazikuhitaji benki.

Kisahani chenyewe alikitengeneza mara tatu. Cha kwanza kilichapwa kwenye karatasi ya plastiki angavu kwa printa ya wino wa maji, kikaonekana cheusi kama makaa machoni petu, lakini kihisi hakikuona kitu: wino wa namna hiyo hupitisha mwanga wa infraredi, na infraredi ndiyo kihisi kinayotumia. Cha pili kilikatwa kwa msumeno na tupa, na matundu yake yalikuwa na tabia tofauti kama watoto wa mama mmoja. Cha tatu alikikata kwa mashine yenyewe, akitumia mota ya hatua kugawanya duara kwa digrii sita sita. Tundu digrii tatu, jino digrii tatu. Ndicho kilichopo.

Kukifunga ndiko kulikochukua jioni zangu zote tatu.

Spindeli ya kerezo ina tundu katikati, kwenye mashine hii milimita 20, ili nondo ndefu ipite ndani. Kwa hiyo huwezi tu kuibandika enkoda kwenye mkia wa spindeli. Utakuwa umeziba mlango. Njia moja ni kuiweka kando na kuiendesha kwa mkanda. Hapo kuna masharti: mkanda uwe wa meno, kwa kuwa mkanda laini huteleza kidogo kidogo bila kuaga, na puli ziwe sawa, moja kwa moja. Puli ya enkoda ikiwa nusu ya ile ya spindeli, Z itasema hapa mara mbili kwa mzunguko na kisu hakitajua ipi ni ipi. Njia ya pili, aliyoichagua fundi, ni kisahani chenye tundu pana katikati kinachovaa mkia wa spindeli kama bangili, na nondo inapita bila kuuliza.

Bangili hiyo ni kipande cha chuma alichokikereza mpaka kikaingia kwenye spindeli kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kucheza. Amekipasua upande mmoja na kukibana kwa bolti, kikaikumbatia spindeli pande zote. Ilinigusa kidogo kuiona, kwa sababu mwaka juzi nilimsaidia rafiki kufunga kisahani chake na nikamshauri atumie skrubu moja tu ya kubana kutoka pembeni. Ilishika siku nne. Siku ya tano, spindeli ilipogeuzwa ghafla, kisahani kiliteleza digrii chache, Z ikahamia pengine, na pito la saba likapita juu ya mapito sita kama trekta juu ya kaburi. Enkoda ilikuwa inasema kweli yake mwenyewe, ambayo haikuwa tena kweli ya spindeli.

Alipokwisha kuibana bangili alileta saa ya kupimia, akaikalisha sindano yake kwenye ukingo wa kisahani, akazungusha mandrini kwa mkono. Sindano ikayumba mistari ishirini na miwili. Akagonga kisahani kwa mpini wa bisibisi, taratibu, akazungusha tena. Kumi na tano. Akagonga. Tisa. Ilichukua karibu saa nzima kufika nne. Nilimuuliza kama kuna ulazima, maana nilikuwa nimepiga hesabu: matundu yako milimita 40 kutoka kitovuni, na kisahani kikikosa kitovu kwa sehemu ya kumi ya milimita, kosa kwenye uzi huu ni milimita 0.001 tu. Hakuna nati itakayolijua. Alinijibu kwa upole kwamba hesabu yangu ni sahihi, akaendelea kugonga. Baadaye ndipo nikaelewa. Kisahani kinachoyumba huja na kwenda ndani ya koleo la kihisi, na koleo lina nafasi ya milimita chache tu. Leo kinapita, kesho beringi imelegea kidogo na kinakwaruza. Alikuwa anapima kitu ambacho hesabu yangu haikukiuliza.

Kisha A na B. Hatua nzima ya matundu ni digrii sita. Robo yake ni digrii moja na nusu, na kwenye duara la milimita 40 hiyo ni milimita moja na ushei. Kibati kinachobeba kihisi B kina matundu marefu ya bolti ili kiweze kusogezwa. Alikisogeza kwa upana wa wembe, akaangalia kwenye skrini ile mistari miwili ya mawimbi, akasogeza tena, mpaka B ikawa inapanda katikati kabisa ya mlima wa A. Z nayo aliiweka iangukie mbali na ukingo wa pigo lolote, ili lile neno "hapa" lisije likasemwa siku moja kabla ya pigo na siku nyingine baada yake.

Waya ulipitishwa mbali na waya wa mota. Ni wa ngao ya wavu, na wavu umeunganishwa ardhini upande mmoja tu. Katikati ya vihisi na kompyuta kuna saketi ndogo ya Schmitt, inayobadilisha kila mteremko wa uvivu kuwa ukuta ulionyooka, ili kompyuta isihesabu mtetemo mmoja kuwa mapigo matatu. Juu ya yote kuna kifuniko cha bati. Nilidhani ni cha kuzuia chenga. Kweli, lakini mlango wa karakana unatazama ziwani, na saa kumi jua linaingia moja kwa moja mpaka nyuma ya mashine. Mchana wa kwanza wa majaribio vihisi vilipofuka kwa jua na spindeli, kwa mujibu wa kompyuta, ikasimama huku inazunguka.

Kule Nairobi kuna Numerical Machining Complex, mtoto wa mradi wa gari la Nyayo ambao Rais Moi aliuagiza Chuo Kikuu cha Nairobi 1986. Kwenye mashine kubwa za namna yao enkoda imefichwa ndani ya mota tangu kiwandani, na mtu anaweza kustaafu bila kuiona. Hapa iko wazi, na ndiyo maana nimeweza kuiandika. Mjini tuna shule ya ufundi ambayo ndani ya jina lake la Kifaransa imeketi Kiswahili safi: Institut Technique Fundi Maendeleo. Ningependa siku moja kisahani kama hiki kining'inizwe ukutani kwenye darasa la namna hiyo, karibu na dirisha, ili wanafunzi waone mwanga ukipita kwenye matundu.

Jaribio la mwisho halihitaji umeme wa mota. Fundi aliweka alama ya kalamu kwenye mandrini na nyingine kwenye kichwa cha mashine, akafuta hesabu ikasoma sifuri, akazungusha kwa mkono mara kumi, alama kwa alama. Skrini ikasoma 2,400. Akairudisha nyuma mara kumi. Sifuri. Akaniambia nami nijaribu, niende mbele na nyuma kwa fujo ninavyotaka, nitingishe, nisite katikati. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikitafuta kumkamata. Niliporudisha alama mahali pake ilikuwa sifuri.

Asubuhi iliyofuata mama mwenye mashine ya muhogo alikuja na nati yake ya zamani ameifunga kwenye pindo la kitenge. Fundi hakumpa maelezo yoyote, alimpa shafti. Mama akaishika nati kwa vidole viwili, akaizungusha mpaka mwisho wa uzi, akairudisha, akaizungusha tena.

"Papa, imekubali," akasema, akalipa.